Mume anataka nirudie mkorogo: je, nimtii?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mke wa mtu, naishi Makorora hapa hapa Tanga. Nilipoolewa mwaka juzi, somo wangu, yaani kungwi wangu wa harusi, alinipaka mkorogo wiki chache kabla ya harusi, nikatoka mweupe, nikaendelea nao kwa kuwa mume alinizoea hivyo. Sasa nina ujauzito wa miezi mitano. Niliacha kwa sababu uso ulikuwa unawaka moto na kutoa vipele. Rangi yangu imerudi, tena mashavuni nimebaki na mabaka meusi. Mume ananiambia mimi siye yule aliyemuoa, nirudie kupaka. Somo anasema kujipamba kwa ajili ya mume ni ibada. Na kuna ustadhi wa mtaani amemwambia mume wangu kuwa mke akiruhusiwa na mumewe inajuzu kugeuza rangi ya uso, ipo vitabuni. Je, nikikataa nakuwa mke asi? Kwa yale niliyopaka mwanzo, nimeshaingia kwenye laana? Na haya mabaka naruhusiwa kuyatibu?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Binti yangu, usimtii katika hili. Kwa kukataa huwi mke asi, na ukipaka ili kumridhisha hakuna thawabu ya utiifu utakayoipata. Nimelitanguliza jibu ili usome yaliyobaki moyo wako umetulia, kwani maneno ya barua yako ni ya mtu asiyelala.

Maswali ya mkorogo huniijia sana, hasa mwezi wa Shaabani ndoa zinapoandamana, na mengi huyajibu kwa maneno mawili baada ya darsa. Hili nimeona niliandike kwa ajili ya huyo ustadhi. Mama mwenye kopo lake la biashara akisema mkorogo ni halali, watu wanajua anachouza. Akisema mtu wa kilemba, tena akaegemeza kwa mafaqihi, wanazuoni wa sheria ya dini, fitina yake ni kubwa zaidi.

Sasa, alichokisoma kipo, sitamzulia. Katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii imetajwa kuwa mke kujipaka wekundu usoni, kutia rangi ncha za vidole na kupaka nywele rangi nyeusi, kama ana mume na mume ameruhusu, inajuzu. Lakini amesoma mstari akaacha maana yake. Wekundu waliouzungumza mafaqihi ni rangi inayokaa juu ya ngozi, jioni unaosha uso inaondoka, na ngozi chini yake iko vile vile. Ni pambo. Na kwa kuwa pambo la mke ni haki ya mumewe, ndipo ruhusa yake ikawa na uzito. Ruhusa hiyo hufungua mlango wa jambo ambalo kwa asili yake halina madhara. Haigeuzi sumu ikawa pambo. Mume ana haki zake kwako, na ni nyingi, lakini hana milki ya figo zako, wala za mtoto aliye tumboni. Mtume s.a.w. amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Ni neno moja ambalo mafaqihi wamejenga juu yake kanuni nzima, na ustadhi aliyesoma mlango wa mapambo hapana shaka amepita hapo.

Na kama anataka hadithi ya mume anayeamrisha mapambo, ipo, tena imekaribia mno na kisa chako. Amepokea Bukhari kwa Bi Aisha r.a. kwamba mwanamke wa Kiansari alimuozesha binti yake, kisha nywele za binti zikapukutika. Mama akaja kwa Mtume s.a.w. akamweleza, akasema: mumewe ameniamuru niziunge nywele zake. Akamjibu: "Hapana. Hakika wamelaaniwa wenye kuunga nywele." Angalia hali ilivyokuwa: bibi harusi mpya, aibu imempata bila ya kutaka kwake, mume ndiye anayetaka, na mama ana huruma. Udhuru wote uliomo katika barua yako umo humo. Bado jibu likawa hapana. Bukhari mwenyewe ameiweka chini ya mlango wa kwamba mwanamke hamtii mumewe katika maasi. Mlango umeandikwa kabla ya babu zetu kuzaliwa, na leo mtu anasimama barazani Tanga anasema neno la mume limekata shauri!

Somo wako naye ana hoja yake, na wengi wanaiona nzuri: mbona singo, mbona hina? Hawa masomo wetu nawaheshimu, wametulelea mabinti, lakini hapa wamechanganya mambo. Singo ya liwa na manjano inasugua taka na kuupa mwili harufu na ulaini, kisha inaoshwa. Hina inapauka wiki mbili tatu ikaisha. Hakuna mtu aliyelazwa hospitali ya Bombo kwa liwa. Mkorogo kazi yake si kukaa juu ya ngozi. Unaingia ndani kuizuia ngozi isitengeneze rangi aliyoijaalia Mola wake, na hauishii kwenye ngozi.

Nilimwomba mke wangu anitafutie kopo moja, maana sipendi kuhukumu nisichokiona. Akaja nalo kutoka Ngamiani: kopo lililokuwa la mayonezi, lebo ya kwanza imebanduliwa nusu, ndani mafuta mazito ya rangi ya maziwa yaliyochacha, marashi mengi juu na chini yake harufu ya dawa. Hakuna jina la mtengenezaji, hakuna viambato, hakuna tarehe. Muuzaji alipoulizwa kuna nini humo alisema ni krimu tatu na "ampo" moja, basi. Hiyo "ampo" ni kichupa cha dawa. Dawa gani, hakusema. Kitu kama hicho mtu hakipaki hata kwenye ngozi ya kiatu chake bila ya kuuliza, na wewe unaambiwa ni ibada.

Vinavyokutwa mara nyingi katika mikorogo vinajulikana. Ipo zebaki. Hii hupenya kwenye ngozi, huharibu figo, na kwa mjamzito huvuka hadi kwa mtoto ikagusa ubongo wake unaojengeka. Hubaki pia mikononi, kwenye taulo na mashuka, ikawafikia watoto wa nyumbani ambao hawakupaka chochote. Dunia imekubaliana kuiondoa: Mkataba wa Minamata wa 2013 ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo ifikapo 2020, kisha mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana hata kiasi hicho kisiruhusiwe kufikia 2025. Tanzania imo katika mkataba huo.

Ipo haidrokwinoni. Hospitalini ni dawa, daktari humpa mgonjwa kwa kipimo na kwa muda. Ikitumika kiholela kwa miezi na miaka, tena kwenye jua letu hili la pwani, inamgeukia mwenyewe: mashavu na chini ya macho hupata weusi wa kibuluu ambao hakuna krimu inayouondoa. Wengi wakiuona huongeza mkorogo wakidhani haukukolea, na ndivyo wanavyozidi kuzama.

Na zipo dawa za jamii ya steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni. Hizi ndizo zinazofanya mwanzo watu wasifu, kwa kuwa zinalainisha na kuondoa chunusi upesi. Baadaye ngozi huwa nyembamba hadi mishipa ionekane, mapaja na mikono hupata michirizi, fangasi hawatoki, na dawa ikiingia mwilini kwa wingi hupandisha sukari na shinikizo la damu. Ngozi iliyokonda namna hiyo kidonda chake huchelewa kufunga, nawe una uzazi mbele yako, na hakuna ajuaye kama utahitaji mshono. Kule kuwaka moto na vipele ulivyovitaja huwapata sana wanaotumia hizi, na hasa wanapoziacha. Wengi hapo hurudi kupaka ili moto upoe, wakadhani mkorogo ndio uliokuwa ukiwatibu.

Utaniuliza: kwani haufanyi kazi? Unafanya, kwa muda, na wewe mwenyewe ni shahidi. Chembe zinazotengeneza rangi kwa kawaida hazifi, zinazuiwa tu, ukiacha zinarudi kazini. Kwa hiyo mwenye kuutaka weupe huo hana budi kupaka maisha yake yote, na vifundo vya vidole na masikio bado vitamsaliti. Na tukifika hapo niseme neno kwa vijana wa vijiweni wanaowaita dada zetu "uso Fanta, miguu Coca-Cola". Mnacheka nini? Mwaka mzima mnawasifia weupe barabarani, wakiutafuta mnawazomea. Qur'ani imekataza watu kudharau watu, Suratul Hujurat aya ya 11, na haikuwatoa wenye mkorogo.

Hoja ya "mbona inauzwa dukani" siipi nafasi kubwa. Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo lenye dhamana ya vipodozi nchini, hukamata na kuteketeza bidhaa hizi. Kinachouzwa chini ya meza hakikuruhusiwa na mtu.

Wenzangu wengi katika masheikh huanza na aya ya Suratun Nisaa, 119, Shetani aliposema atawaamrisha watu wabadili umbo la Mwenyezi Mungu, na huishia hapo. Aya ni hoja, na hadithi ya Ibn Mas'ud r.a. ya kulaaniwa wenye kuchanja chale na wenye kutenganisha meno kwa ajili ya urembo inaitia nguvu. Lakini mimi sikuanza na hiyo kwa makusudi. Ukiwaambia watu "mmebadili maumbile" peke yake, mjanja anajibu: rangi inarudi, basi hakuna kilichobadilika, na anaondoka ameshinda majlisi. Madhara hayana mlango wa kutokea. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Baqara, 195, msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo. Wapo pia wanaotaja hadithi iliyopokewa na Imam Ahmad kuhusu mwanamke anayejichubua uso. Ingekuwa ndiyo kauli ya kukata, ila sanadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi wake, ina udhaifu, kwa hivyo siitegemei.

Ama laana, binti yangu, usiibebe. Maneno ya laana katika hadithi yanaelekea kitendo na aina ya watenda, hayamchagui mtu mmoja kwa jina lake akakata tamaa. Wewe ulipakwa kabla ya harusi na watu uliowaamini, hukujua kilichomo, na ulipoona madhara uliacha. Omba maghufira, na kuacha kwako ndiyo toba yenyewe inavyoanza. Udhu na sala zako za nyuma usizirudie. Mafuta yaliyoingia ndani ya ngozi bila kuacha tabaka la kuzuia maji hayaharibu udhu.

Mabaka tibu. Hapa hakuna utata hata kidogo. Bi Ummu Salama r.a. amesimulia, kwa mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi, kwamba wanawake wa zama za Mtume s.a.w. wakati wa nifasi, yaani siku za baada ya kujifungua, walikuwa wakijipaka wars nyusoni, mmea wa rangi ya manjano, kwa ajili ya mabaka. Yaani jambo hili hili, mimba na mabaka usoni, limewapata wanawake bora kuliko sisi na wakalitibu. Imam Nawawi akisherehesha hadithi ya kutenganisha meno amesema kilichoharamishwa ni kinachofanywa kwa kutafuta urembo, ama aliyehitaji kwa matibabu au kwa aibu ya jino na mfano wake, hapana ubaya. Kuirudisha ngozi katika hali yake si sawa na kuikimbia. Ila matibabu hayo akupangie daktari, si muuza duka, kwa sababu dawa nyingi za mabaka hazifai kwa mjamzito na huenda akakwambia usubiri mpaka ujifungue. Na mabaka ya mimba mengi hufifia yenyewe baada ya uzazi.

Yaliyobaki ni ya mumeo, naomba umpe simu asome mwenyewe.

Ndugu yangu, umesema huyu siye uliyemuoa. Ni yeye. Yule mwingine alikuwa kwenye kopo. Ukimwambia mkeo weusi wake unakutia aibu, kumbuka Abu Dharr r.a. alipomtia mtu aibu kwa ajili ya asili ya mama yake, Mtume s.a.w. alimwambia: "Wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahili." Huyo ni sahaba, mkweli wa wakweli, kwa neno moja tu. Na miezi minne ijayo inshaallah utamshika mwanao, atakuja na rangi aliyoandikiwa. Bedui mmoja alikwenda kwa Mtume s.a.w. akinung'unika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, akaulizwa kuhusu rangi za ngamia wake, akakiri mwenyewe kuwa asili imevuta. Mtoto wako akivuta kwa bibi yake utampaka na yeye?

Nakujua huna ubaya, kwa kuwa mke aliyeogopa mumewe kweli asingeuliza kama anaweza kumkataa. Umezoea sura fulani, na macho huzoea nyingine. Mpeleke Bombo wiki hii, wewe mwenyewe, usimwachie dada yake. Nendeni na kopo lile lile alilokuwa akipaka, daktari alione, na kliniki ya wajawazito waambiwe wazi muda aliopaka na sehemu za mwili alizopaka. Msione haya. Kama alipaka mwili mzima kwa miezi mingi mwili unaweza kuwa umeizoea steroidi, na kuacha kwake kunahitaji kuangaliwa na daktari, pengine na vipimo vya figo. Taulo na foronya alizokuwa akitumia ziondoeni ndani kabla mtoto hajaja, na mabaki ya mkorogo msiyamwage uani wala kuyachoma, waulizeni hao hao hospitalini pa kuyapeleka. Ukirudi na ukaona bado lina mushkeli moyoni, mimi napatikana msikitini baada ya Alasiri, na huyo ustadhi ukipenda njoo naye.

Wallahu a'lam.