Picha za samaki ndani ya maji ya Winam

SWALI: Bwana Mhariri, ninafuga ngege katika vizimba ziwani, upande wa Dunga hapa Kisumu. Nina kamera ndogo ya dijitali ya kawaida, nami nilinunua mfuko wa plastiki usiopitisha maji ili nipige picha za samaki wangu na kukagua nyavu bila kuzipandisha. Picha zilitoka za kijani, zenye ukungu kama zilizopigwa ndani ya uji, tena zimejaa vidoti vyeupe. Je, kamera imeharibika, au ninahitaji ya bei kubwa zaidi?
Mfugaji, Dunga

JIBU: Ndugu mfugaji, kamera yako ni nzima. Kilichokushinda ni maji, na kamera ya bei kubwa ingekuonyesha ukungu uo huo, pengine kwa ufasaha zaidi.

Tuanze na vidoti. Maji ya Ghuba ya Winam, mkono huu wa Ziwa Victoria, yamebeba chembe za tope na mwani, na kwa kuwa flashi ya kamera ndogo iko sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, mwanga wake huzipiga chembe hizo na kurudi moja kwa moja machoni pa kamera. Zima flashi. Ikiwa una tochi isiyopitisha maji, ishike mbali na kamera, upande mmoja, ili mwanga umfikie samaki kwa mshazari.

Ukungu hauna dawa nyingine ila kupunguza maji yaliyo kati ya lenzi na samaki. Usitumie zumu, iache lenzi ione kwa upana wake wote, chagua mpangilio wa picha za karibu, wenye alama ya ua, kisha msogelee samaki hadi sentimita 30 au chini ya hapo. Usiamini macho yako katika kukadiria, kwani mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, na kitu kilicho umbali wa sentimita 40 huonekana kama kiko 30.

Kuhusu rangi, maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya bahari safi kama ile ya Watamu, ambako wekundu humezwa katika mita chache za mwanzo na kila kitu kikabaki buluu. Ndiyo maana wapiga picha wa huko hufunga kichujio chekundu mbele ya lenzi. Kwetu mwani huleta kijani, na kinachokipunguza ni kichujio cha waridi iliyokolea. Kabla ya kukinunua, jaribu njia isiyo na gharama: zamisha kifuniko cheupe cha ndoo hadi kina unachopigia picha, kisha uielekeze kamera ichukue weupe huo kuwa kipimo chake cha rangi, iwapo ina mpangilio huo. Ukibadilisha kina, pima upya.

Piga picha kati ya saa nne na saa sita mchana, jua likiwa juu na upepo wa ziwa haujaanza kuvuruga maji, na iwe kabla ya kuwalisha samaki, kwa sababu makombo ya chakula nayo huchafua picha.

Mfuko wenyewe ujaribu kila mara ukiwa mtupu, ukiwa na karatasi ya shashi ndani. Unywele mmoja au chembe ya mchanga kwenye kifungio yatosha kuingiza maji. Yakiingia kamera ikiwemo, izime, toa betri na kadi, uiache ikauke siku kadhaa bila kuiwasha ili "kuona kama inafanya kazi", maana udadisi huo ndio huua kamera nyingi.

Usiingie majini kwa ajili ya picha. Kando ya mafunjo kuna konokono waenezao kichocho, na viboko wa Dunga unawajua kuliko mimi. Funga kamera kwenye ufito, weka kipima muda cha sekunde 10, uishushe kutoka kwenye jukwaa la kizimba.

Kwa nyavu, hayo yanatosha. Lakini kama unataka picha ya samaki ya kumwonyesha mnunuzi, liache ziwa. Mtie ngege mmoja katika tangi la kioo lenye maji safi, umzuie karibu na kioo cha mbele kwa kipande kingine cha kioo, angaza kutoka juu, na ugusishe lenzi kwenye kioo ili usijipige picha mwenyewe.