Msaliti hatoki mbali

SUALI: Asalam alaykum mhariri. Sie ni kikundi cha maigizo, tunatunga tamthilia ya kaka anayeuza kwa siri shamba la mikarafuu la urithi na kuwadhulumu nduguze. Mwenzetu kasema tusome kwanza tanzia za Kigiriki, yaani tamthilia za kale zinazoishia na msiba, wengine tunaona mambo yale ya miungu na wafalme yatatusaidia nini?
– Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Mwenzenu msikilizeni. Miungu wekeni kando, angalieni nani anamsaliti nani. Kwenye tamthilia ya Agamemnon ya Mgiriki Aeschylus, iliyochezwa Athens mwaka 458 kabla ya Nabii Isa, mfalme anarudi vitani mshindi, mkewe anamtandikia vitambaa vya zambarau apite juu yake kisha anamuulia bafuni, lakini na yeye mume alishamtoa binti yao kafara apate upepo wa kusafiria, sasa hapo nani kaanza? Mtunzi Eugene O'Neill mwaka 1931 kaihamishia Marekani hadithi hiyo hiyo, mfalme kawa jenerali na mke anampa sumu badala ya dawa ya moyo.

Ila mie inayonikaa rohoni khasa ni tamthilia ya A View from the Bridge ya Mmarekani Arthur Miller, ya 1955. Eddie ni hamali wa bandarini Brooklyn, kawaficha kwake binamu za mkewe waliotoka Italia bila ya karatasi. Mapema kabisa yeye na mkewe wanahadithia kijana aliyechongea uhamiaji jamaa yao waliyemficha ndani, baba'ke na nduguze wakamburura ngazini wakamtemea mate, yaani Eddie anajua vizuri malipo yake! Kisha mpwa wa mkewe aliyemlea anapendana na mmoja wa binamu hao, wivu unampanda Eddie, anaiendea simu na kuwachongea yeye mwenyewe. Na yeye anatemewa mate usoni majirani wanaona, na mpaka anakufa anadai arejeshewe jina lake. Wakili Alfieri kakaa pale pa korasi ya Kigiriki, lile kundi la jukwaani linalotazama na kuwaeleza watazamaji, shari anaiona inakuja na kuizuia hawezi.

Kwa hiyo kaka yenu msimfanye muovu tangu onesho la kwanza, mpeni sababu ambayo hata mie nikikaa kitini nitamuonea huruma, deni au mtoto mgonjwa, na awe ndo yule ambaye nduguze wakigombana wanamkimbilia. Kisha mtu mmoja wa barazani ajue siri ya shamba mapema, na watazamaji wajue pamoja naye, nduguze ndo wawe wa mwisho.