Trela iliyotumika na mzigo wake

Barua nyingi siku hizi zinauliza kuhusu trela ndogo za kuvutwa na gari, zile ambazo mtu ananunua zikiwa zimeshatumika. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Kibati cha trela yangu kinasema kilo 1,000. Fundi anasema nisizidishe 700. Nimsikilize nani?

Wote wanasema kweli. Namba ya kwenye kibati kwa kawaida ni uzito wa jumla, yaani trela yenyewe pamoja na mzigo. Trela tupu ikiwa na kilo 300, wewe umebakiwa na 700. Na hizo 300 usizikisie. Ipeleke kwenye mizani ya magari ikiwa na tairi la akiba, turubai na mbao zote ulizoongezea ubavuni, kwa sababu kila kilo ya nyongeza inatoka kwenye mzigo wako.

Yangu haina kibati, iliundwa na mtu karakanani. Nitajuaje inabeba kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapopima kwa macho, na nawasihi msifanye hivyo. Kipande chenye uwezo mdogo kuliko vyote ndicho kinachoamua, hata kama vingine ni vya chuma cha reli.

Anza na matairi. Mfano, ubavuni pameandikwa 195/65 R15 91. Hiyo 91 ya mwisho ni alama ya mzigo: tairi moja linabeba kilo 615 likiwa na upepo wake sawasawa. Mawili ni 1,230. Alama ikiwa 86 ni kilo 530 kwa tairi, ikiwa 95 ni 690. Papo hapo tafuta msimbo unaoanza na DOT na usome tarakimu nne za mwisho: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Trela hukaa juani miezi bila kutembea, kwa hiyo matairi yake huzeeka kabla ya kuisha kashata, yaani yale meno yanayokanyaga barabara. Ukiona nyufa ndogo ndogo ubavuni, tairi hilo halina tena zile kilo zilizoandikwa.

Nenda kwenye kichwa cha kuvutia, kile kinachofunika mpira wa chuma wa gari. Piga brashi ya waya, uzito wake huwa umegongwa pale. Halafu ekseli: ikiwa ilitolewa kwenye gari, haikutengenezwa kubeba zaidi ya uzito ambao gari lile liliruhusiwa upande huo.

Tuseme matairi yamekupa 1,230, ekseli 1,100 na kichwa 1,000. Unashika 1,000. Mizani imesema trela tupu ni 320, zinabaki 680. Lakini fremu ya karakana haina namba, na hujui aliyeichomelea alikuwa na mkono gani. Mimi hupunguza robo nzima, nikabaki na kilo kama 500. Na hata hizo ni baada ya fundi mzuri wa kuchomelea kulala chini yake na kukagua kila kiungo.

Muuzaji ameongeza vyuma vya springi kila upande, anasema sasa inabeba mara mbili.

Hapana. Alichofanya ni kuizuia isilale. Matairi, beringi, ekseli na fremu ni vilevile. Tena springi ngumu hazimezi shimo la barabara, zinalipeleka lote kwenye fremu. Hilo linanitia wasiwasi hasa kwa sababu trela iliyozidiwa sasa itasimama wima kana kwamba iko sawa, na dalili pekee ambayo dereva angeiona kwenye kioo imeondolewa.

Nitatambuaje kama iliwahi kuzidishiwa mzigo?

Ingiza mkono chini ya madigadi ya trela tupu. Ukikuta alama nyeusi za mpira, tairi limekuwa likisugua pale kwa uzito. Simama nyuma, utazame magurudumu: yakiegemeana kwa juu, na tumbo la ekseli limeshuka katikati, imepinda. Matairi yatakuwa yameliwa upande wa ndani.

Kisha kagua pale mkono wa kuvutia unapokutana na fremu. Mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye weldi ni ufa. Rangi mpya mahali pamoja tu, uliza inaficha nini. Niliwahi kukagua trela iliyong'aa kama mpya, nikabonyeza bisibisi chini ya bomba la pembeni, ikazama hadi kwenye mpini. Kutu ilikuwa imekula kutokea ndani, rangi ndiyo iliyobaki imeshikilia.

Nabeba mchanga. Boksi ni mita 2 kwa 1.2, kina sentimita 40. Nijaze?

Tafadhali usijaze. Hiyo ni karibu mita moja ya ujazo, na mchanga uliolowa wa kiasi hicho unakaribia kilo 1,800. Kwa trela ya kilo 500 tuliyoihesabu juu, mchanga huo unaishia sentimita 11 kutoka sakafuni. Chora mstari wa rangi ndani ya boksi, anayepakia asiulize. Magunia ya sufi au maboksi matupu, jaza utakavyo.

Nikishapakia kwa kiasi, kuna kingine?

Mzigo mzito ukae juu ya ekseli na kusogea mbele kidogo, kiasi kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote inalalia kichwa cha kuvutia, bila kuzidi kiwango cha gari lako kwa hapo. Ukirundika nyuma, trela itaanza kuyumba mwendo ukiongezeka, na kuituliza ni kazi. Tazama pia kitabu cha gari: kiwango chake cha kuvuta kikiwa chini ya cha trela, fuata cha gari.

Baada ya kilomita kama 15 simama, usogeze nyuma ya kiganja karibu na habu, yaani vitovu vya katikati, za magurudumu yote mawili. Joto kidogo ni kawaida. Moja ikikuchoma na nyingine haikuchomi, beringi inakufa au breki imeshika. Shusha mzigo hapo hapo.