Dume la Spider: kwa nini nakuomba usimpandishe

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna ubaya kumpandisha dume lako la chatu aina ya Spider kwa jike la rangi ya kawaida, maana kichwa chake kinatikisika "kidogo tu" na anakula panya vizuri. Nakujibu kama mtu aliyefanya jambo hilohilo: usimpandishe.

Kwa wasiomjua, Spider ni chatu wale wadogo wa Ghana, Togo na Benin, wanaojiviringa kama mpira wakiogopa, ila huyu ana michirizi myembamba kama utando wa buibui. Ukoo wake ulianzia kwa nyoka wa porini aliyeingizwa Marekani mwaka 1999.

Nilianza kuwafuga nilipohamia Leicester, Uingereza. Dume langu alikuwa kama wako, anayumba kichwa wakati wa kula, basi. Jike akataga mayai sita, nikayaweka kwenye kiatamio nyuzi 31, siku ya 57 wakaanza kutoboa ganda. Watatu walitoka Spider. Wawili walifanana na baba yao.

Wa tatu kila akiinua kichwa, shingo ilijisokota mpaka kidevu kikatazama juu. Nilimwekea kipanya. Alikiona kabisa, ulimi ukacheza, akajirusha, akapiga ukuta wa boksi. Akajaribu tena, akakosa tena. Mara ya nne alipinduka chali akabaki anahangaika kutafuta chini ni wapi. Nilimlisha kwa koleo wiki tisa, na kila wiki hali ilikuwa mbaya kuliko iliyopita. Mwishowe nilimtia kwenye mfuko wa kitambaa, nikamweka ndani ya koti asipigwe na baridi, nikampeleka kwa daktari wa wanyama akamchoma sindano ya kumpumzisha milele.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba baba mwenye tatizo dogo huzaa watoto wenye tatizo dogo. Sivyo. Kila yai lina nafasi nusu kwa nusu ya kurithi jeni ya Spider, na mtoto akishairithi, huwezi kujua atayumba kiasi gani kwa kumtazama mzazi. Kuchanganya damu hakusaidii, kwa sababu hakuna aliyefanikiwa kuitenga ile rangi na ule mtikisiko. Mwaka 2022 watafiti walipiga picha za CT, yaani eksirei za kina, za vichwa vyao wakakuta sikio la ndani limeumbika vibaya, ile sehemu inayomwambia mnyama yuko wima au amelala. Fikiria fundi aliyepewa pima maji iliyopinda, ajenge nayo maisha yake yote.

Hoja ya "lakini anakula" niliitumia sana. Nyoka hana sauti ya kulia wala uso wa kukunja, na njaa inaweza kumfanya ale hata akiwa taabani. Usiifanye kula kuwa ushahidi kwamba yuko salama.

Sizungumzii mtoto wa nyoka aliyepinda mgongo kwa kuwa kiatamio kilizidi joto. Hilo ni kosa la kulea mayai, unarekebisha, mwakani unafanya vizuri. Hili tunalijua kabla jike hajabeba mimba. Ndiyo maana mwaka 2018 International Herpetological Society, chama cha wapenzi wa reptilia cha hapa Uingereza, ilikataza Spider kuuzwa kwenye maonyesho yake. Ukitaka rangi nzuri, chatu hawahawa wa aina ya Pastel na Piebald wapo, na hawana mtikisiko huu.

Wale wawili waliobaki niliwauza, na hilo linaniuma kuliko yote. Miaka miwili baadaye mnunuzi mmoja alinitumia kwa furaha picha ya mayai yake. Nilimpigia nikamweleza kila kitu, lakini mayai yalikuwa yameshatagwa.

Dume wako mfuge, mpende. Mpe sanduku la chini lenye maficho mawili, usimwekee matawi marefu asije akaanguka, usimshikeshike ovyo kwa sababu hofu humzidishia kuyumba. Wangu bado ninaye. Siku ya kula namsogezea panya karibu kabisa na mdomo, nasubiri kichwa kitulie, ndipo naachia koleo.