Usinunue Wati, Panda Kilima

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia hivi: "Mkubwa, redio yangu ya mkononi ya wati 5 haimfikii rafiki yangu aliyeko Kisumu. Nimeona nyingine ya wati 10 inauzwa mjini. Ninunue?" Nilimjibu siku hiyohiyo kwamba asinunue. Hata hivyo, swali lake lilinikumbusha aibu ambayo sijaisahau hadi leo, nami nimeona afadhali niieleze yote hapa, kwa sababu ninajua wengi wenu mnaosoma mna hamu ileile niliyokuwa nayo: kusimama mlangoni pako ukiwa na redio mkononi na kuzungumza na mtu aliye mbali bila mnara wa simu wala bando.

Nitaziruka habari za kujaza fomu na kungoja leseni ya redio ya wapenzi kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Niseme tu kwamba bila leseni hiyo, na bila alama ya wito, yaani jina lako la hewani, ambayo kwetu huanza na 5Z4, haifai kabisa kubonyeza kitufe cha kuzungumzia.

Nilipopata yangu, nilikuwa nikiishi Nakuru, na wakati huo tulikuwa na ripita iliyowekwa juu ya kilima. Kwa wasioifahamu, ripita ni redio inayopokea sauti yako katika masafa (frikwensi) moja na papo hapo kuirusha upya katika masafa mengine, ikiwa mahali pa juu ambapo wewe huwezi kufika. Katika bendi ya mita mbili, yaani kundi la masafa ambalo kwetu ni kuanzia megahezi 144 hadi 146, masafa hayo mawili hutofautiana kwa kilohezi 600. Kwa mfano, ukiisikia ripita katika 145.700, redio yako inapaswa kurusha katika 145.100. Hilo nililijua, na nilikuwa nimelipanga vizuri kwenye redio yangu. Jioni ya kwanza niliketi kwenye ngazi za nyumba, nikawasikia watu wakisalimiana kwa sauti safi kana kwamba wako jikoni kwangu. Nikajitambulisha. Kimya. Nikajitambulisha tena, taratibu, herufi kwa herufi. Wakaendelea na mazungumzo yao juu ya betri za sola kana kwamba hapakuwa na mtu.

Hali hiyo iliendelea kwa wiki tatu. Kila jioni niliwasikia, na kila jioni hakuna aliyenijibu. Nilianza kuamini kwamba wananidharau kwa sababu redio yangu ilikuwa ya bei nafuu. Nilikopa pesa, nikanunua redio nyingine iliyoandikwa wati 8. Kimya kikabaki kilekile. Ninakiri kwamba kuna usiku niliokwenda kulala nikiwa na uchungu wa kweli moyoni, uchungu wa mtu aliyebisha hodi mlangoni huku akisikia vicheko vya walio ndani.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Njoro niliyekutana naye dukani kwa fundi wa redio. Aliishika redio yangu, akaitazama kwa muda mfupi, akauliza, "Toni umeweka ngapi?" Sikujua toni ni nini. Akanieleza kwamba ripita nyingi hazifunguki mpaka zisikie mlio mwembamba wa chini unaorushwa pamoja na sauti yako, mlio ambao msikilizaji hausikii kwa kuwa redio yake huuchuja. Yetu ilihitaji hezi 88.5. Bila mlio huo ripita hukaa kimya hata ukirusha wati 50, ilhali wewe unaendelea kuwasikia wote, kwa sababu kusikia hakuhitaji toni. Kwa wiki tatu hapakuwa na mtu aliyenidharau. Hapakuwa na mtu aliyenisikia.

Nilirudi nyumbani nikiwa kama mtoto siku ya Krismasi. Nikaweka toni, nikabonyeza, nikaachia, na kwa mara ya kwanza nikasikia ule mkia wa ripita, yaani ile sekunde moja ya ukimya wenye pumzi kabla haijajifunga. Nikabonyeza tena. Na tena. Sikusema neno, nilitaka tu kuusikia mkia ule. Ndipo sauti moja ikaingia kwa ukali: "Wewe unayebonyezabonyeza bila kujitaja, hii si kengele ya mlangoni. Toka hewani." Watu wote walisikia. Nilizima redio, na sikuiwasha tena kwa miezi miwili. Kosa lilikuwa langu, kwa maana sheria inatutaka tujitambulishe, na ripita ni mali ya wengi. Lakini neno lile lingeweza kusemwa kwa upole, na mgeni angekaribishwa badala ya kufukuzwa. Ninyi mlio wazoefu, ninawasihi: mnapomsikia mtu akibonyeza tu bila kusema, mwiteni, mwulizeni kama anahitaji msaada wa kupima redio yake. Huenda amekesha wiki tatu akiwatafuta.

Sasa nirudi kwenye wati. Katika bendi hii mawimbi husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kinachoyazuia ni ardhi yenyewe. Ukisimama kwenye uwanja tambarare na redio ikiwa mita 2 kutoka ardhini, upeo wako ni kama kilomita 6 tu. Ukipanda mita 400 juu ya uwanda huo, upeo unafika kama kilomita 80. Kuongeza wati, kwa upande mwingine, ni kazi ya hasara: ili kipimo cha nguvu kwenye redio ya anayekupokea kipande ngazi moja, unahitaji kuzidisha wati mara nne. Kutoka 5 hadi 10 msikilizaji wako huenda asitambue tofauti, ila betri yako itatambua. Kijana wangu wa Kakamega yuko juu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, naye rafiki yake yuko kando ya ziwa, zaidi ya mita 350 chini yake, huku vilima vya Maragoli na ukingo unaoshuka kuingia Kisumu vikiwa katikati. Sauti yake inapita juu ya kichwa cha rafiki yake. Hata redio ya wati 10 itapita palepale.

Mwezi uliopita nililithibitisha jambo hili kwa njia ambayo bado inanisisimua ninapoiandika. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachozunguka dunia kikiwa kama kilomita 400 juu yetu, kina ripita ya wapenzi wa redio. Inapowashwa, unaitumia kwa kurusha katika 145.990 pamoja na toni ya hezi 67 na kusikiliza katika 437.800. Nilipanda ukingo wa kreta ya Menengai, karibu na Nakuru, alfajiri nikiwa na redio yangu ya kwanza, ile ya bei nafuu ya wati 5, na nyingine ya kuazima ya kusikilizia, kwa kuwa redio hizi haziwezi kurusha na kupokea kwa wakati mmoja. Mkononi nilikuwa na antena ya Yagi, yaani inayolenga upande mmoja, niliyoitengeneza kwa tepu ya kupimia ya seremala na mabomba ya plastiki. Kituo hupita kwa dakika zisizozidi 10 hivi, na kwa kuwa kinakwenda kasi, masafa ya kupokea huhama: nilianza kusikiliza katika 437.810, nikashuka kidogo kidogo hadi 437.790. Nilijitambulisha mara moja tu. Katika sikio la kushoto nikasikia sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka angani, na kituo kilipokuwa kikielekea kusini, mtu wa Afrika Kusini akaitaja alama yangu yote bila kukosea. Nilikaa chini kwenye jiwe. Wati 5 zilifika mamia ya kilomita angani kwa sababu hapakuwa na kilima katikati, ilhali wati 8 hazikunifikisha popote nilipokuwa kwenye ngazi za nyumba yangu bila kujua ninachokifanya.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kakamega, na wengine wote mlio na haraka ya kwenda dukani, weka pesa zako kwanza. Kata waya wa sentimita 49, uvue plastiki kwenye ncha moja, uikaze kwenye chuma cha nje cha tundu la antena, kisha uuache waya uning'inie chini kama mkia. Antena fupi ya mpira inayokuja na redio hukosa nusu yake ya pili, na waya huo huisaidia kuliko wati unazotamani. Sikiliza siku kadhaa kabla ya kusema. Hakikisha toni. Jitaje kila unapobonyeza. Halafu Jumamosi asubuhi panda matatu hadi Kiboswa, kwenye barabara ya kwenda Kisumu, tembea mpaka mahali ambapo ziwa linaonekana, mwambie rafiki yako atoke nje ya nyumba, na umwite katika 145.500 kwa wati 1 tu. Kisha uniandikie ulisimama wapi na alikusikia vipi.