Kufuta programu kwenye simu si kufuta akaunti

Mkuu, umeuliza kama ile programu ya mikopo uliyoichoka, ukiifuta tu kwenye simu inatosha. Haitoshi kabisa. Unachoondoa ni kilichomo kwenye simu yako. Akaunti, namba ya kitambulisho na namba za watu ulizowaruhusu wenye programu wazisome vinabaki kwenye seva zao, yaani kompyuta za kampuni hiyo.

Kabla hujaitoa, ingia sehemu ya mipangilio utafute "Futa akaunti". Apple tangu 2022 inawalazimisha watengenezaji waiweke humo humo ndani. Google nayo inataka iwepo njia ya kuomba akaunti ifutwe hata kama programu umeshaitoa: fungua ukurasa wake Play Store, penye "Usalama wa data". Deni kama lipo, limalize kwanza na utunze uthibitisho wa malipo.

Programu unazozisahau tu, Android yenyewe, kuanzia toleo la 11, huziondolea ruhusa zikikaa miezi kadhaa bila kufunguliwa. Lakini namba zilizokwisha kuchukuliwa zimekwenda, na hapo ndipo panaponiuma sana. Mama mkwe wako hajakopa kwa mtu, kwa nini wakopeshaji wampigie simu na kumtukana kwa deni asilolijua?

Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Iangalie kama yako imo. Wakigoma kufuta taarifa zako, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na uambatanishe picha za meseji walizokutumia.