Utepe Hauzuii Mtu

Wadogo zangu mlioanza saiti za ujenzi wa barabara mwaka huu, juzi nimepita Mabibo, Dar, saa saba mchana, watoto wa zamu ya asubuhi wanatoka shule. Mtaro umechimbwa kushoto, kifusi kimemwagwa kulia, njia iliyobaki ni ya magari. Watoto wapite wapi? Wakapita humohumo katikati, mabegi mgongoni, bajaji zinawapigia honi kisogoni. Kijana wa saiti amesimama pembeni na reflekta yake, anahesabu tripu za malori. Nikamsogelea. Ni kijana mzuri, ila hakuna aliyewahi kumwelekeza. Basi nawaelekeza wote.

1. Anza na mguu, gari baadaye. Kabla greda halijashushwa, tembea barabara nzima mara tatu: alfajiri, shule zinapotoka, na saa mbili usiku. Mchoro wa mchepuko, yaani njia ya muda ya kupita wakati wa ujenzi, uliopitishwa ofisini hauonyeshi bomba ambalo kina mama wanapanga ndoo, wala geti la msikiti Ijumaa. Ukitembea utaviona. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hajakufuata yeye akiwa na watu hamsini nyuma yake.

2. Mshika bendera wa kuongoza magari asiwe kibarua aliyekosa kazi nyingine. Wakiwa wawili, mmoja kila upande, na hawaonani, wape redio. Wape na kivuli na maji. Jua la Dar saa nane mchana linamlaza mtu akiwa amesimama.

3. Utepe wa kuzungushia shimo. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikuwa Mburahati, barabara ya mtaa, tunajenga mtaro wa mawe. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Jioni ile tulikuwa tumechimba kipande kirefu, kina kinafika kifuani, na mawingu yanashuka. Mlinzi, mzee wa makamo, akaniuliza: "Injinia, tulaze mbao pale kwenye kichochoro?" Mbao zilikuwepo, zimepangwa hatua ishirini tu kutoka tuliposimama. Nikamjibu, "Funga utepe mzee, mbao kesho." Nilikuwa nawahi daladala kabla mvua haijaanza.

Usiku kucha ikanyesha. Mtaro ukajaa maji hadi usawa wa barabara, na utepe ukakatika ukalala kwenye tope. Saa kumi na moja alfajiri, mama mmoja muuza uji akatokea kichochoroni kama alivyotokea kila siku kwa miaka, ndoo ya uji wa moto kichwani. Kwake yale maji yalikuwa dimbwi, maana Mburahati masika hakuna asiyevuka dimbwi. Akaweka mguu.

Alivunjika mguu chini ya goti, na uji ukamuunguza bega. Mlinzi ndiye aliyeruka kumtoa. Mimi nilifika saa moja kasoro, nikakuta kifuniko cha ndoo kinaelea kwenye mtaro na kandambili moja ya bluu imenasa kwenye jiwe. Fomeni hakunifokea. Alikiokota kile kifuniko, akakifuta kwa shati lake, akanikabidhi, akasema, "Mpelekee."

Nilimpelekea wodini. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja, "Mwanangu, kwani mbao hazikuwepo?" Nikamwambia zilikuwepo. Akageukia ukutani. Miezi minne hakuuza uji, na mwanawe wa darasa la sita alikuwa anakosa shule ili amhudumie. Tulichanga kwenye kampuni, tukalipa matibabu, lakini asubuhi zile za mtoto hakuna wa kuzirudisha.

Kwa hiyo utepe ni wa kumwonyesha mtu pa kutopita, tena mchana. Usiku shimo lifunikwe, au lizungushiwe kizuizi kigumu ambacho mtu akikiegemea hakianguki, na taa iwepo. Usiondoke kabla hujavuka kila kivuko kwa miguu yako mwenyewe.

4. Vibao vya alama vya chuma vitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tumia vya mbao, na mapipa ya plastiki yaliyojazwa mchanga.

5. Ukihamisha kituo cha daladala, tengeneza kipya kwanza. Konda hatazunguka, atashusha abiria palepale pa zamani, mlango ukitazama shimo lako.

6. Bodaboda anapita popote anapopita mtu. Ukimwachia mwenda kwa miguu njia, weka nguzo mwanzoni, nafasi ya kupita baiskeli ya magurudumu ya mlemavu ibaki. Na kipengele cha usalama kwenye BOQ, orodha ya kazi na bei za mradi, ndicho cha kwanza kukatwa bei ikibana. Pigania hicho hata ukionekana msumbufu.

Yule kijana wa Mabibo alinipigia jana. Kifusi amekihamisha, sasa anauliza mbao za kuvukia atazipata wapi na bajeti hana. Chukua zile zilizokwisha kutumika kumwagia zege, mdogo wangu. Ziunge upana wa watu wawili wapishane, upigilie na mkono wa kushikia. Ng'oa misumari kwanza, kuna watoto wanapita peku.